Rangi za Ardhi: Mwaka Mmoja na Kamera Konyo Konyo



Mwaka niliouahirisha masomo kwa kukosa ada, mjomba wangu aliniita Juba nimsaidie dukani. Duka lake liko Konyo Konyo, lile soko kubwa lisilo mbali na mto, ambako mchele, unga na sukari hushushwa kutoka kwenye malori ya Uganda, na ambako Mganda, Mkenya, Msomali, Mwethiopia na mtu wa Darfur hupatana bei kwa Kiarabu cha Juba, na wakikwama hukimbilia Kiswahili. Nilipanda basi Kampala, nikavuka mpaka Nimule, nikafika na begi la nguo na kamera ya mtumba niliyoinunua nikiwa mwaka wa kwanza. Ilikuwa Machi 2022. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Nilikaa mpaka Machi ya 2023.

Nilipata muda wa kutosha, wala sisemi ufundi. Mpiga picha anayekuja kwa wiki mbili huona rangi moja ya nchi, akarudi nayo nyumbani akasema hii ndiyo Sudan Kusini. Mimi niliiona ardhi ile ile ikivaa rangi zake zote na kuzivua, mpaka ikarudi ilipoanzia. Wahariri wameniomba niandike darasa juu ya jambo hilo, nami nimekubali kwa sharti kwamba nieleze pia kosa nililolifanya, kwa kuwa wengi wenu mlilipokea nyumbani bila kujua.

Tuanze na aya

Katika Sura Faatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu anataja maji yashukayo kutoka mbinguni na matunda ya rangi mbalimbali yatokayo kwa maji hayo. Kisha anataja milima yenye mistari myeupe na myekundu, na mingine myeusi sana. Kisha watu, wanyama na mifugo, nao rangi zao ni mbalimbali. Mara tu baada ya hapo ndipo inapokuja ile kauli maarufu kwamba wanaomcha Mwenyezi Mungu miongoni mwa waja wake ni wenye ujuzi. Tumeizoea kauli hiyo katika mahafali na mabango ya jumuiya, tukaikata na kuiacha milima na matunda nyuma. Lakini ukiisoma mahali pake, ujuzi unaotajwa umekuja baada ya mtu kuelekezwa atazame rangi.

Katika Sura Az-Zumar, aya ya 21, rangi zinapewa na muda. Maji yanashuka, yanapita ardhini kuwa chemchemi, mimea ya rangi mbalimbali inatoka, kisha inakauka, unaiona ya manjano, kisha inakuwa mapande makavu. Hayo ni majira manne ndani ya aya moja. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Nilipokuwa Juba niliifuata mwezi kwa mwezi.

Je, kupiga picha kuna ubaya?

Swali hili huulizwa kila mwaka katika kikao cha wanachama wapya, kwa hiyo nitalipita haraka. Wanachuoni wametofautiana juu ya picha za viumbe vyenye roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri na kufariki 1935, aliandika risala akiona kwamba picha ya kamera ni kuzuia kivuli ambacho tayari kipo, si kuumba umbo. Wapo wasiokubaliana naye, na hoja zao zinastahili heshima. Ama mandhari, jambo ni jepesi zaidi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas, naye baada ya kumpa onyo akamwelekeza, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Mpiga picha wa miti na milima yuko upande wenye nafasi.

Nyongeza kwa ndugu wa fizikia: chumba cha giza ambacho ndani yake mwanga hupenya kwa tundu dogo na kuchora umbo la kitu cha nje kilichunguzwa kwa makini na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu na mwaka 1040. Alikitumia kueleza kwa nini jua lililopatwa huonekana kama hilali kwenye ukuta. Kamera yako ya simu ni mjukuu wa chumba hicho.

Ratiba ya mwanga ni ratiba ya sala

Wapiga picha hufundishwa kwamba mwanga mzuri ni wa asubuhi mapema na wa jioni. Muislamu anayeswali kwa wakati anaijua ratiba hiyo tangu utotoni, isipokuwa hakuambiwa kwamba ni ya rangi pia.

Vitabu vya fiqhi hutofautisha alfajiri mbili. Ya uongo husimama wima angani kama mkia, kisha hufifia. Ya kweli hutandaa upande kwa upande juu ya upeo. Kwa Maghribi, wengi wa wanachuoni wamesema wakati wake unaisha wekundu wa magharibi unapotoweka, na Abu Hanifa akasubiri weupe unaofuata wekundu. Wale wazee walikuwa wakibishana juu ya rangi za anga kwa umakini ambao mpiga picha wa leo angeuonea wivu. Wekundu wenyewe una sababu yake: jua likiwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu ikatawanyika njiani, ikabaki nyekundu na rangi ya chungwa.

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Huku kwetu jua huzama karibu wima, kwa hiyo rangi hazikai kama zinavyokaa Ulaya. Una dakika chache tu. Ukichelewa kupanga stendi ya kamera, umekosa. Mimi nilijiwekea utaratibu: naswali Alfajiri msikiti wa sokoni, natoka moja kwa moja kwenda ukingoni, saa moja na nusu niko dukani napima sukari. Jioni ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wekundu mzuri huja wakati wa Maghribi yenyewe, na nakiri kwamba mara kadhaa nilijikuta nikiitazama anga kwa jicho la kamera wakati iqama inakimiwa. Baada ya kuona tabia hiyo inaota mizizi niliacha picha za jioni kabisa, nikabaki na asubuhi. Atakayeweza kuvichanganya bila kupoteza sala, na afanye.

Majira ya Juba

Nilichagua sehemu moja ukingoni, chini ya mwembe, inayotazama ng'ambo upande wa Gondokoro, nikawa napiga picha kutoka hapo hapo kila wiki. Hii ndiyo mbinu pekee ninayoweza kuwafundisha kwa kujiamini. Simama mahali pamoja, kwa urefu ule ule, saa ile ile, mwaka mzima. Usipohama wewe, mabadiliko yote utakayoyaona ni ya ardhi.

Kabla ya hapo, lakini, kuna jambo la kibali. Sudan Kusini kupiga picha si jambo la kujianzia. Kunahitajika kibali cha serikali, na madaraja, uwanja wa ndege, majengo ya serikali na askari havipigwi. Siku yangu ya tatu nilisimamishwa, nikafutishwa kila nilichokuwa nacho, na mjomba akaitwa. Kosa lilikuwa langu. Nilidhani mto ni wa kila mtu. Baada ya hapo nilifuata taratibu, na hata nikiwa na karatasi mkononi, nilimsalimia mwenye eneo na kumwomba kabla ya kutoa kamera kwenye mfuko. Nilivyozoeleka, wavuvi walianza kuniambia wenyewe, leo njoo, maji yamebadilika.

Machi ni joto na vumbi. Anga haina buluu, ina rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majivu, na Jebel Kujur, ule mlima wa magharibi mwa mji, huonekana kama kivuli tu au hauonekani kabisa. Joto la wakati huo si la mzaha. Machi 2024, mimi nikiwa nimesharudi chuoni, serikali ilifunga shule kwa sababu vipimo vilitarajiwa kufika nyuzi 45.

Aprili mvua za mwanzo huosha hewa. Siku moja tu baada ya mvua mlima uliokuwa kivuli ukawa na mabonde, mistari na miti. Mwamba uliolowa ni mweusi, na jua la asubuhi likiupiga pembeni unakuwa na wekundu. Nilikumbuka aya ya 27. Barabara za udongo zikawa nyekundu kweli kweli, kwa kuwa wekundu wa udongo ule ni kutu ya chuma kilichomo ndani yake, na kutu ikilowa hukoza. Soko lenyewe likabadilika rangi: Mei ilikuwa ya maembe, manjano kila upande, na nzi.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kijani. Nyasi zilizokuwa hazipo zinampita mtu kimo. Mto nao, ambao kiangazi una rangi ya kijani kibichi kilichofifia, unageuka kahawia kwa sababu ya vijito vya msimu vinavyouletea udongo kutoka vilimani. Novemba mvua zinaaga. Desemba nyasi ni dhahabu, na hiyo ndiyo wiki ninayoipenda kuliko zote. Januari watu huchoma nyasi ili majani mapya yachipue kwa mifugo, na nchi inakuwa nyeusi, na juu ya weusi ule, baada ya siku chache, unaona vichipukizi vya kijani vidogo kama sindano. Nani angedhani. Sura Ar-Rum, aya ya 50, inatuambia tutazame athari za rehema ya Mwenyezi Mungu, jinsi anavyoihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Nilikuwa na picha 4 za sehemu moja ya Desemba, Januari, Februari na Aprili, na nilipozipanga kwenye meza ya duka, mjomba, ambaye hajali picha, aliacha kuhesabu noti akazitazama.

Kwa wanaopenda wanyama: mashariki mwa mto, katika nyika za Badingilo na Boma, kuna uhamaji wa swala na nyamera ambao matokeo ya sensa ya ndege yaliyotangazwa Juni 2024 yaliukadiria kuwa wa wanyama takribani milioni 6. Wanafuata majani na maji, yaani wanafuata rangi. Sikufika huko. Na kwa walioko Tanzania, si lazima kwenda mbali: Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, hufunikwa na maua kati ya Novemba na Aprili, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Jina hilo la Kitulo ndilo lililonitia katika kosa.

Safari ya Oktoba

Mwezi wa Oktoba mjomba alinituma kusindikiza mzigo wa chumvi na sabuni kwa boti kwenda Bor, kaskazini mwa Juba. Niliomba kamera iende nami. Baada ya kupita Mongalla kingo za mto zilianza kupotea. Mto ukafunguka kuwa uwanda wa maji usiokuwa na mwisho, wenye kijani cha kila namna: mafunjo, matete, na gugu maji lenye maua ya zambarau. Katikati ya uwanda ule ulisimama mti mmoja peke yake, kivuli chake kimeshuka wima majini, na wingu jeupe juu yake na jingine chini yake. Hapakuwa na upepo. Nilipiga picha 3, ya pili ikatoka.

Ndugu zangu, ilikuwa picha nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mti, maji na wingu sikuviweka mimi. Niliporudi Juba nikaizidisha kidogo kwenye kompyuta, kijani nikakikoleza, zambarau nikaiinua mpaka ikawa kama kitambaa cha harusi. Nikaipa jina, Bustani ya Nile. Nikaichapisha kubwa, nikaitundika dukani juu ya mizani, na nakala nikaituma kwa kamati ya jumuiya yetu, iliyokuwa ikitafuta picha ya kalenda ya Ramadhani ya 1444. Wakaipenda.

Februari aliingia dukani mama mmoja anayeuza samaki wakavu safu ya pili kutoka kwetu, amekuja kununua chumvi. Ni mtu wa upande wa Bor, na Kiswahili chake ni cha Kakuma, alikokulia ukimbizini. Akaitazama picha muda mrefu.

"Hii umepiga wapi, mwanangu?"

"Njia ya Bor, mama, ukishapita Mongalla."

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa kumi."

"Hapa si mtoni," akasema. "Hapa ni malisho. Mti kama huu, kama si huu wenyewe, ng'ombe wa baba yangu walikuwa wanalala chini yake kiangazi. Maji yalikuja, tukangoja yaondoke kama kila mwaka. Hayakuondoka." Kisha akaonyesha maandishi ya chini kwa kidole. "Umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Bustani ya nani?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alilipa chumvi yake, akaenda.

Nilikuwa nimesikia habari za mafuriko, nani hakuzisikia? Lakini nilipokuwa kwenye boti sikuyaona, kwa sababu nilitarajia mafuriko yawe na rangi ya tope na paa za mabati zinazochungulia. Sikutarajia yawe na maua. Jioni ile nilianza kusoma. Maji yale ni yetu sote. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilijaza Ziwa Victoria mpaka Mei 2020 kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Maji hayo yalishuka polepole kupitia Uganda, yakaingia katika Sudd, lile bwawa la mafunjo ambalo jina lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi, moja ya maeneo makubwa ya ardhi oevu duniani, lililotambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Kwa kawaida Sudd hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na wafugaji huifuata: maji yakirudi nyuma, majani mabichi yanabaki, ng'ombe wanashuka. Uhai wote wa kule umejengwa juu ya kurudi nyuma kwa maji. Tangu 2019 mafuriko yakawa yanaongezeka juu ya mabaki ya mwaka uliopita. Mvua iliyonyesha Bukoba na Kisumu ilikuwa ndani ya picha yangu.

Na aya ya Az-Zumar niliyokuwa nikijivunia kuifuata mwezi kwa mwezi? Pale kwenye picha ilikuwa haitimii. Mimea haikuwa imefika manjano kwa miaka mingi. Kijani kile kisichokauka ndicho kilikuwa msiba, nami nilikikoleza.

Kalenda

Nilimpigia katibu wa jumuiya usiku ule. Kalenda zilikuwa zimeshatoka kiwandani. Fedha ilikuwa ya michango ya wanafunzi, hapakuwa na ya kuchapa upya, na sikuwa na haki ya kuiomba. Aliniuliza swali la haki: "Sasa akhi, picha ni ya uongo?" Nikamjibu kwamba mti upo na maji yapo, ila jina ni la uongo na rangi nimeongeza. Akanyamaza kidogo, akasema njoo tuone.

Nilirejea chuoni wiki ya pili ya Machi. Ndugu 6, wanne wa kiume na wawili wa kitengo cha kina dada, walikaa nami katika chumba cha kando ya msikiti, baada ya Isha, tukabandika vipande vya karatasi juu ya jina la zamani. Tulifanya usiku 2. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alipinga mwanzoni, akisema watu wanataka kalenda ya Ramadhani iwafurahishe, si iwahuzunishe, na saa za futari hazibadiliki kwa jina la picha. Hoja yake sikuweza kuijibu vizuri. Hata hivyo alibaki akabandika, na mkono wake ulikuwa msafi kuliko wetu sote.

Picha ya asili, isiyokolezwa rangi, niliichapisha ndogo nikamtumia yule mama kupitia kwa mjomba. Mjomba anasema ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la fedha. Ile kubwa ya dukani ameiacha juu ya mizani, lakini jina amelikata kwa wembe.

Kalenda kama 40 zilikuwa zimeshachukuliwa kabla hatujaanza kubandika. Kama unayo moja nyumbani kwenu, au ofisini kwa mzee wako, na chini ya picha imeandikwa Bustani ya Nile, tafadhali chukua kalamu uandike hivi: Malisho yaliyofunikwa na maji, kati ya Mongalla na Bor, Oktoba 2022. Rangi zimeongezwa na mpiga picha.